Kichuguu Kilicholala Maji

Rola msiliache nje likiwa limelowa. Linashika kutu, na kutu ikishaingia kwenye udongo haitoki tena, kila mkimwagia maji mtaiona imetapakaa kama damu. Nimeanza na hilo kwa sababu siku niliyowakabidhi funguo nilisahau kulisema, nikafika nyumbani nikakosa raha. Nikajiambia, Somoe, kama umesahau la rola, umesahau mangapi? Ndipo nikanunua daftari.

Nimesoma mpaka darasa la nne, visiwani kwetu, huko mto unakogawanyika kuingia baharini. Mwandiko wangu mnaujua, ni ule ule wa ubao wa stoo. Habari za mshahara na vyeo hazimo humu. Cheo nilikuwa nacho kimoja, mtunza uwanja wa tenisi, nimeingia nacho na nimetoka nacho.

Nilikuja Utete nimeolewa, nikapata kibarua cha kufyeka majani nyuma ya ofisi ya wilaya. Huko nyuma ndiko uliko uwanja. Waliujenga wazungu wa zamani, wakaondoka, watu wa ofisi wakaendelea kuuchezea. Mtunzaji alikuwa Mzee Mbwana, mtu mfupi, mkavu, asiyependa salamu ndefu. Siku ya kwanza aliniita akanionyesha wavu uliofungwa katikati ya uwanja, umetoboka.

“Wewe si mtu wa visiwani? Unajua kushona jarife?”

“Najua.”

“Haya, shona hilo.”

Nikashona mpaka adhuhuri. Nilipomaliza nikamuuliza, kwa adabu kabisa, ni samaki gani wanaopita hapa. Hakucheka.

“Mipira,” akasema. “Ukipita mmoja kwenye tundu, na wewe unapita mlangoni.”

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Mzee Mbwana hakutumia futi. Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, na kila fundo lilikuwa mstari wake. Ndiyo hiyo iliyopo stoo mpaka leo, msimpe mtu akafungie mbuzi. Ikilowa inafupika, kwa hiyo chokaa pigeni kamba ikiwa kavu. Mwaka mmoja nilipiga mistari asubuhi ya umande, uwanja ukapungua shubiri nzima kila upande. Bwana mmoja wa ofisini, hodari, mwenye mkono mzito, akawa anatoa nje kila mpira, mpaka akasusa akasema macho yamekwisha. Alihama bila mimi kumwambia. Hilo ni la kwanza nililolinyamazia. Kulikuwa na la pili, nalo ndilo lililonikalisha kuandika.

Uwanja wenu ni wa udongo wa kichuguu, mnajua. Unatafuta kichuguu kikubwa chekundu, unamwomba mwenye shamba, unachimba ubavuni, kileleni huendi, ili mchwa wabaki na nyumba yao. Unaponda, unachekecha kwa wavu wa waya, unatandaza, unanyunyiza maji, unapitisha rola, unaacha ukauke, unarudia. Ukifanya sawasawa unakuwa mgumu kama sakafu, na mpira ukianguka unaacha alama unayoweza kuisoma kama unyayo wa ndege. “Mchwa ndiye fundi,” alikuwa akisema Mzee Mbwana. “Mate yake ndiyo saruji. Sisi vibarua wake.”

Na kila mwaka, maji ya mto yakishuka, alinirudia neno moja: “Kichuguu kilicholala maji usikiguse. Mto ukikaa juu yake, mate yote yameoshwa. Kwa macho utakiona ni kile kile. Ngoja mchwa warudi wakijenge upya, hata ikiwa misimu miwili.”

La mwisho alilonifundisha ni gunia. Mchezo ukiisha, aliyecheza analiburuta gunia lenye mchanga upande wake, anafuta nyayo zake mwenyewe. Mkubwa wa ofisi aliburuta, mhudumu wa chai aliburuta. Lakini anayeacha mchezo katikati haburuti. Hakuna anayemkataza kwa mdomo. Mzee Mbwana alimtangulia tu kulishika gunia, akamfutia, kama mtu anavyofutiwa na mama yake. Nimeona wanaume wazima wakiona haya kwa jambo hilo kuliko kwa kufungwa.

Alipofariki, Mungu amrehemu, nikabaki na kamba, gunia, rola, na kishindilio chake, gogo la mkoko lenye mpini wa kushindilia udongo pale rola lisipofika. Nilipambana na mengi. Mbuzi. Wageni wenye viatu vya njumu. Kiboko aliyepanda kutoka mtoni akakatiza uwanja umelowa, kila unyayo ukawa bakuli. Haya yote yana dawa, nitayaandika nyuma ya daftari.

Sasa Nesi Zuhura.

Alikuwa wa wodi ya wazazi. Akitoka zamu alipita kuangalia watu wakicheza, siku moja akaokota raketi iliyoachwa, na sikuona mwanamke mwingine Utete mwenye mkono kama ule. Mpira ulimtii. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: akianza kufungwa mbele ya watu, anaacha. Mara ya kwanza kwenye mashindano alisema mkono unamuuma. Mara ya pili alisema ameitwa wodini kwa simu, na simu yenyewe alikuwa ameniachia mimi stoo, nayo haikulia. Mara zote mbili nyayo zake nilizifuta mie.

Nilimuuliza siku moja tukiwa wawili. “Nesi, mzazi akichoka kusukuma, unamwambiaje?”

“Namwambia bado kidogo.”

“Hata kama si kidogo?”

“Hasa kama si kidogo, Bi Somoe.”

Kisha akaona nilikokuwa nampeleka, akanuna. Wiki nzima salamu yake ilikuwa ya mbali.

Mwaka wa mafuriko makubwa aliniambia mwenyewe kwamba anajaribu tena. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Alikuwa ametimiza arobaini na tano, na mkoani walishasema kuanzia mwaka utakaofuata timu ya wanawake watachukua vijana tu. Mshindi kati ya Utete na Kibiti ndiye angesafiri na timu ya mkoa. Zuhura hakuwahi kufika mbali kuliko Dar es Salaam, na huko alikwenda kusindikiza wagonjwa.

“Nikifungwa nitafungwa,” akaniambia. “Lakini sitaki wewe uniburutie gunia mara ya tatu.”

Nilishika jembe.

Mvua za masika zilikuwa zimeninyang’anya kona moja ya uwanja, ile ya upande wa mto, ndani kidogo ya mstari wa mwisho. Palibomoka kiasi cha mkeka wa kulalia. Udongo mzuri nilizoea kuutoa njia ya Mloka, lakini njia ilikatika. Stoo nilikuwa na nusu gunia la udongo wa zamani, nikaona halitoshi. Zilibaki wiki tatu. Na hapo chini, mashamba ya mpunga yalikoanzia, palikuwa na kichuguu kikubwa, chekundu, kimekauka kizuri. Mto ulikuwa umekaa juu yake siku nyingi, nilikuwa nauona mwenyewe kila asubuhi. Hakukuwa na mchwa hata mmoja.

Nikakichimba. Nikajiambia, nitashindilia sana.

Kwa macho pakawa sawa na pengine pote. Lakini nilipoangusha mpira pale, ulipanda mpaka gotini ukafa, wakati kwingine ulinifika kiunoni. Ungekuwa wewe ungesema. Mimi nilikuwa na miaka mingi ya kuitwa fundi, hata wageni kutoka Kibiti walikuwa wakisema uwanja wa Bi Somoe huo. Nikapitisha rola mara nyingine, nikapiga chokaa, nikafunga stoo.

Asubuhi ya mchezo Zuhura akanipitia, kanga kichwani, raketi kwapani.

“Bi Somoe, uwanja uko sawa?”

“Uko sawa.”

“Kote?”

“Nimekwambia uko sawa.”

Akaondoka. Hakwenda hata kupakanyaga. Neno langu lilimtosha.

Mpinzani wake alikuwa Mwalimu Saada wa Kibiti, binti mrefu, mtulivu, amejifunza chuoni. Naye alifanya analofanya mgeni yeyote: alizunguka uwanja wote akikanyaga, akidundisha mpira kila kona. Alipofika kona ya mto akadundisha mara mbili, akatazama chini, akaendelea na safari yake. Nilijua amejua.

Watu wa Kibiti walikuja na basi dogo limejaa, na dereva wao alikuwa na mdomo. Zuhura alipokosea mpira wa kwanza tu, akapaza sauti: “Nesi! Zamu yako inaisha saa ngapi?”

“Inaisha ukizaa!” wakamjibu wanawake wa Utete, watu wakacheka, hata Zuhura akacheka.

Kicheko hakikudumu. Kila Zuhura alipokuwa upande wa mto, Saada alimtupia mpira kona ile. Zuhura alifika, maana alikuwa na miguu bado, akasimama alipopaswa kusimama, akavuta mkono, na mpira haukupanda. Akapiga hewa. Mara ya tatu akajitazama mkono, kana kwamba kosa liko mkononi. Hakuutazama udongo. Kwa nini autazame? Nilishamwambia uko sawa.

Seti ya kwanza akafungwa sita kwa tatu. Ya pili ikafika tano kwa moja. Bado gemu moja yaishe.

Akaenda kwenye kiti chake, akaanza kuingiza raketi mfukoni.

“Haya! Zamu imekwisha!” akasema yule dereva. Wa Utete walishamzoea Zuhura. Niliwaona wakitafuta viatu vyao. Mmoja akanigeukia mimi: “Bi Somoe, kashike gunia lako.”

Nikaenda stoo. Gunia nililiacha. Nilitoka na kishindilio na lile nusu gunia la udongo wa zamani, nikaingia uwanjani watu wanatazama.

Mwamuzi, mwalimu mkuu mstaafu, akaniuliza, “Mama, vipi? Mchezo haujaisha.”

“Najua haujaisha. Pale konani pabovu. Nimepaharibu mie kwa udongo wa kichuguu kilicholala maji, na nimejua tangu wiki tatu zilizopita. Naomba nipatengeneze.”

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa kwenye viti vya mbele na wageni. Sura aliyoivaa siisahau, na barua ya onyo iliyofuata iko kwenye faili, anayetaka kuisoma aisome.

“Matokeo hayabadiliki,” mwamuzi akasema.

“Sikuomba yabadilike.”

Nikamwendea Zuhura. Nilisema kwa sauti ya kawaida, aliyesikia akasikia. “Nilikudanganya asubuhi. Mkono wako hauna kosa. Ukiondoka sasa umeondoshwa na mimi, lakini hawa hawatajua tofauti, na baada ya mwaka hata wewe hutaijua.”

Macho yake yalikuwa yamejaa. Sikuwahi kutazamwa vile, na sitaki kutazamwa vile tena.

“Nilikuamini, Bi Somoe.”

“Ndiyo.”

“Nimechoka.”

“Na mimi nimechoka. Shika ndoo.”

Alikaa. Nikaona ndiyo basi, nikageuka kwenda peke yangu, nikapiga magoti, nikaanza kukwangua udongo mbaya kwa jembe la mkono. Ndoo ya kwanza ikawekwa karibu yangu. Nilipoinua macho alikuwa Mwalimu Saada.

“Mama, mimi nilipaona,” akasema chini chini. “Nikadhani mwenzangu anajua, ni uwanja wa kwao.”

Ya pili aliileta Zuhura.

Mmoja ananyunyiza, mmoja anatandaza, mimi nashindilia. Udongo ulitosha. Hata wiki tatu nyuma ungetosha, ni mimi niliyeukadiria kwa macho ya uvivu. Adhana ya alasiri ikatukuta hapo, mwamuzi akasema watu wakaswali kisha warudi. Nikamwomba mwanamke mmoja asiyeswali siku hiyo anilindie kona kuku wasipite, nikaenda na mimi. Jua la kipupwe na upepo vikafanya kazi. Tuliporudi nikaangusha mpira pale. Ukanifika kiunoni.

Sasa sikilizeni, maana watu wa Utete mpaka leo wanasimulia jambo hili kwa kuongeza chumvi. Zuhura hakugeuka simba. Alicheza kama mtu anayefagia ua: hapa, kisha hapa, kisha hapa. Alirudisha kila mpira. Ukienda mbali alirudisha, ukienda karibu alirudisha, na Saada alipokosa subira alikosea. Tano kwa mbili. Tano kwa tatu. Dereva wa Kibiti akajaribu tena, “Nesi, saa za ziada hizo hulipwi!” na wenzake wenyewe wakamwambia anyamaze. Tano kwa nne. Nilikuwa nimesimama, kishindilio mkononi, kama mlinzi. Tano kwa tano, na wanawake wa Utete wakapiga vigelegele mpaka ng’ambo ya mto nadhani walisikia.

Saada naye hakuwa wa kuchezewa. Akajikusanya, akachukua la sita. Wakabadilishana upande. Zuhura akawa upande wa ofisi, Saada upande wa mto.

Katika gemu lililofuata walifika mahali Saada anataka pointi moja tu yaishe. Walipigiana sana, nilijaribu kuhesabu nikapotea. Halafu Zuhura akaona upenyo, akaupeleka mpira mrefu, kwa nguvu zake zote, konani. Kona yangu. Saada akaukimbilia, akauacha. Ukadunda ukaenda kwenye majani.

“Ndani!” wakapiga kelele wa kwetu.

“Nje!” wa Kibiti.

Mwamuzi akawa hakuona vizuri. Kwetu desturi ni kwamba hapo anaitwa mtunza uwanja asome alama. Ikionekana, alama ndiyo hukumu. Isipoonekana, pointi inarudiwa.

Nikaenda nikachuchumaa. Kama ungekuwa bado ule udongo wa kichuguu kilicholala maji, pasingekuwa na alama, pangekuwa na vumbi tu, na pointi ingerudiwa. Lakini nilikuwa nimepashindilia vizuri. Alama ilikuwa safi, imechorwa kama kwa kalamu. Kati yake na mstari wa chokaa palikuwa na nafasi ya punje moja ya mpunga iliyolala ubavu.

Kufuta ingetosha kuburuta kidole cha mguu nikiinuka. Kusema sioni ingetosha pia, na macho yangu yalikuwa yameshaanza ukungu, nani angebisha? Nilimtazama Zuhura upande wa pili wa wavu. Alikuwa ameinamia magoti, anahema, ananisubiri mimi. Kama asubuhi.

“Imetoka,” nikasema.

Wa kwetu wakaguna kwa uchungu. Kuna mmoja alinitukana, ni jirani yangu, tulishasameheana. Zuhura akaja, akauzunguka wavu, akachuchumaa pembeni yangu. Akaweka ncha ya kidole katikati ya alama na chokaa. Hakikuenea, ila kucha tu.

“Imetoka kweli,” akasema. Akainuka akampa Saada mkono, wakakumbatiana. Saada ndiye aliyesafiri na timu ya mkoa.

Watu wakatawanyika haraka kama watu wanaotoka msibani. Nikabaki nimekaa kwenye udongo wangu. Miaka yote ile na sikuwahi kuuona uwanja una nyayo nyingi vile.

“Bi Somoe.”

Alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo.

“Gunia liko wapi?”

“Nyuma ya mlango. Pale pale.”

Akalitoa. Akaanza mwanzo wa upande wake, karibu na wavu, akaenda akirudi, taratibu, jasho limemkauka mgongoni, akifuta kila alipokimbia na kila alipoteleza. Hakuharakisha. Nami sikumsaidia, maana haikuwa kazi yangu. Alipomaliza akasimama, gunia mkononi, akanitazama.

Nikautazama upande wake kama alivyonifundisha Mzee Mbwana, kutoka chini, jicho likiwa sawa na udongo.

“Umeacha kona,” nikamwambia.

Akarudi akaifuta.